Kipengele Kilichotoweka kwenye Paneli

Basi la kwenda katikati ya Winnipeg lilijaa makoti, na Marlys, mkunga mstaafu, hakuwa na la kufanya ila kusikiliza. Mbele yake msichana aliyepakata kompyuta alikuwa akimlalamikia mwanamume asiyemjua, jirani yake wa kiti.

"Kwenye tovuti yetu ndiko wasio na makazi wanakoombea vitanda baridi ikizidi. Tumehamia seva mpya, ile kompyuta inayobeba tovuti, nataka anayeingia anwani ya zamani apelekwe huko kimyakimya. Jana kipengele cha kuelekeza kilikuwepo hapa kwenye paneli, ukurasa wa kuendeshea tovuti. Leo hakipo."

"Umesasisha programu?"

"Sijagusa kitu, kaka."

Mwanamume akainama kutazama, bila kuombwa. Watu wa kompyuta, Marlys aliwaza, hawana haya mbele ya kioo cha kompyuta ya mwenzao.

"Hakijapotea, dada. Kimefichwa. Mwenye seva amekupunguzia ruhusa."

"Mwenye seva ni Corwin. Tuliianzisha hii kazi pamoja."

"Basi muulize Corwin."

"Humjui Corwin wewe. Hawezi."

"Simjui. Ila paneli haikunyang'anyi ruhusa yenyewe."

"Usinichonganishe na watu, hata jina lako silijui."

Alisema hivyo, lakini tayari alikuwa akimpigia Corwin. Simu iliita kidogo, ikakatwa. Akapiga tena. Safari hii haikuita kabisa.

Mwanamume alisogeza magoti ampishe. Basi liliposimama, msichana alishuka na kompyuta ikiwa wazi mikononi, theluji ikiangukia herufi zake.