Péroline Ametoka Tena Getini

Benchi la Monplaisir limeegemea ukuta wa duka la kahawa la Mama Brossard, mkabala na kiwanja cha kurushia tufe, na tangu mjini Lyon waanze kuonyesha picha zinazotembea, hakuna aliyegusa tufe. Wenye benchi ni watatu. Claudius, fundi viatu, wanamwita Wakili kwa kuwa hana swali asilolijibu. Pétrus Mvuke alichochea makaa ya garimoshi hadi masikio yakaziba, ndiyo maana anapayuka. Wa tatu ni Anthelme, fundi saa na mgane, ambaye Jumanne hii amekuja na koti la Jumapili, kofia yake nyeusi kaipakata. Wenzake walijua kwa nini. Marehemu mkewe, Péroline, alifungasha vioo vya kupigia picha kiwandani miaka kumi na tisa, na hakuacha picha yake hata moja. Mfinyanzi hulia gaeni. Ila mwaka jana mwenye kiwanda aliwapiga wafanyakazi picha ya kutembea wakitoka getini, miezi michache kabla kifua hakijamchukua Péroline. Sasa Péroline anatoka getini kila nusu saa, juu ya kitambaa, kule ng'ambo ya daraja. Leo ndiyo mwisho. Kesho mashine inahamia mji mwingine.

— Unakwenda au huendi? — Pétrus alipayuka.

— Nanywa kahawa kwanza.

— Kikombe cha tatu hicho!

— Mwache, — alisema Wakili. — Tena asiende kabisa, ule utapeli. Nyuma ya kitambaa kuna watu wazima wanatembea mbele ya taa. Kwani ukumbini wanazima taa za nini? Wahenga walisema, paka akiondoka panya hutawala.

— Paka kaingiaje hapo? — aliuliza Pétrus.

— We kunywa kahawa yako.

— Na lile gari la farasi linalotoka getini? Farasi naye kajificha nyuma ya kitambaa?

— Farasi wa kukodi, — alisema Wakili bila haya.

— Acha kamba! Sikiliza, nikwambie. Mashine ile inambandua mtu. Mwili una maganda ya mwanga, kama kitunguu, yenyewe inachukua moja. Si waliwatoa getini mara tatu kuwapiga picha? Maganda matatu hayo! Na maji yakimwagika hayazoleki. Mtu akishabanduliwa maganda matatu, baridi ikiingia...

Mama Brossard alibwaga birika mezani.

— Pétrus! Hebu ziba hilo bomba.

— Nisamehe, kaka, — Pétrus alisema, na safari hii sauti ilikuwa ndogo.

Anthelme hakukasirika. Aliwapenda wapayukaji hawa. Tangu wamzike Péroline hawajamwacha akae benchini peke yake hata siku moja, na kwa hilo aliwasamehe uongo wote.

— Ni picha za kawaida tu, — alisema Mama Brossard akiwamiminia. — Nyingi. Zinapitishwa mbiombio mbele ya taa, jicho linashindwa kuzitenganisha.

Walicheka hadi wakakohoa.

— Picha mia nane zifukuzane! — alisema Wakili. — Mama, wewe baki na birika lako.

Anthelme hakucheka.

— Naogopa, — alisema.

— Unaogopa nini, ndugu yangu?

— Aliniambia mwenyewe. Waliamriwa wasiitazame mashine, wapite kama haipo. Na mnamjua Péroline, hakuwa mtu wa kukaidi. Nitakaa pale kitini, naye atanipita kama mtu baki.

Wakili alimsogezea kikombe.

King'ora cha adhuhuri kililia kiwandani, wanawake wakamiminika barabarani. Mmoja wao, Fleurie, aliyefungasha vioo meza moja na Péroline, aliwajia benchini, aproni bado kiunoni.

— Afadhali nimekukuta, Baba Anthelme. Jana nilikwenda kuiona. Hebu niambieni nyie wajuzi: sisi wote tunapita tumekaza shingo, kama tulivyoagizwa. Péroline peke yake kageuza uso, anacheka mpaka anajiziba mdomo. Alikuwa anamcheka nani?

Wakili na Pétrus walimgeukia Anthelme.

Anthelme ndiye aliyejua. Siku ile alikwenda kumpokea mkewe getini kama kawaida yake. Wanawake walikuwa wameagizwa kuvaa nguo za Jumapili siku ya kazi, na alipomwona Péroline anatoka na gauni lake la buluu katikati ya juma, hakuweza kujizuia. Akiwa kando ya mashine alivua kofia, akainama mpaka chini, kama anampokea mke wa gavana. Bwana wa mashine akamfukuza kabla hajainua uso kuona kama mkewe amemwona.

Aliinuka. Kahawa aliiacha nusu.

— Kofia ya nini? — Wakili alimwita akiwa tayari barabarani. — Humo ndani watakuvua!

— Hawataniwahi, — alisema Anthelme. — Nitaivua mwenyewe, akitoka getini.