Nikahi ya Juu ya Lori

Juu ya lori, Asho muuza maziwa alikumbatia vibuyu vyake, akatega sikio. Lori hilo kutoka Garbatulla lilikuwa limebeba wanafunzi wawili, Umulkheir na Kahin, waliokwenda mashindano ya maigizo. Katika mazoezi yao humo njiani, baba mdogo wa Umulkheir alikuwa amewasaidia kwa kusoma maneno ya mzazi anayeoza binti, na Kahin akajibu, “Nimekubali,” mbele ya wazee waliokalia magunia.

“Sasa umenioa,” Umulkheir alisema. “Baba mdogo kanioza, wazee wameshuhudia. Nikahi haina mzaha.”

“Lakini hii ni mchezo ya shule.”

“Mwambie Mungu hivyo. Niache kabla hatujashuka.”

Kahin akapekua karatasi zake. “Talaka iko onyesho la tatu. Hiyo bado sijakariri.”

Mvivu kama waume wote, Asho aliwaza.

Lori likasimama mtaa wa Bulla Pesa, walikoshukia. Kahin akatangulia kushuka, akapokea sanduku la mkewe.