Upanga Unaofanana na Sabuni

Katika basi la kutoka Masoro kwenda Nyamirambo, msichana aliyeketi mbele yangu alikuwa akipaka rangi upanga kwenye tableti. Mama aliyekaa kando yake, ambaye hakumjua, alivumilia kidogo kisha akauliza, "Hiyo iko nini, mwanangu?"

"Upanga wa gemu, mama. Najifunza kuchora chuma kwa mkono, kionekane chuma kweli." Alisema anaitwa Yasmina, na kwamba aliacha kazi ya mapokezi hotelini ili ajifunze. Kampuni moja ya gemu ilikuwa imemrudishia mchoro wake mara mbili, ikisema upanga wake unafanana na sabuni. Kesho anapeleka tena.

"Uliacha mshahara kwa upanga usiokata hata nyanya?" Mama aligeuka kunitazama, kana kwamba mimi ndiye niliyemshauri. "Si upige picha ya chuma, ubandike?"

"Wao wanataka kila mng'ao uchorwe, mama." Akaweka mstari mweupe mwembamba kwenye makali, akaufuta, akauweka tena.

"Na wakikataa?"

"Nitachora mwingine."

"Rudi hotelini, sha, mwanangu."

"Sirudi."

Walibishana hivyo hadi basi likasimama. Mama alishuka akitikisa kichwa. Yasmina akamfuata, lakini alipofika chini akageuka, akachutama mbele ya ngazi ya basi, akapitisha kidole taratibu pale ambapo viatu vya abiria vimekisugua chuma mpaka kikang'aa. Dereva akapiga honi. Sisi tuliobaki ndani tukangoja.