Bwana Nukta na Barua Yake Ndefu

Marehemu alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 14 Machi 1958, katika nyumba za watumishi wa reli, chumba cha mwisho, kile kilichotikisika kila treni ilipopita. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano wa karani wa telegramu na mshona nguo. Kwa kazi yake, ambayo kila neno lililipiwa, baba yake hakupenda neno lililozidi. Mtoto akija kusema, "Baba, chakula kiko tayari mezani," aliambiwa, "'Chakula' ingetosha." Watoto wanne walikua wakapona ugonjwa huo. Marehemu hakupona.

Alianza shule ya msingi mwaka 1965. Katika mtihani wa insha wa darasa la saba walitakiwa kujaza kurasa mbili kuhusu safari yoyote waliyowahi kusafiri. Yeye aliandika: "Tulikwenda tukarudi." Mwalimu akamrudishia karatasi, akamwambia, "Endelea." Akaongeza: "Salama." Hisabati ndiyo iliyomwokoa. Alimaliza sekondari mwaka 1975, akajiunga na chuo cha ufundi, na Desemba 1979 akatunukiwa cheti cha ufundi wa simu.

Tarehe 5 Januari 1981 aliajiriwa na chuo cha upimaji ardhi, na kwa miaka kumi na moja alitengeneza simu za ofisi zote. Mwaka 1992 chuo kikaletewa kompyuta ya barua pepe. Haikuwa na picha wala kipanya. Ilikuwa skrini nyeusi yenye maandishi ya kijani, na kila kitu uliiamuru kwa kuiandikia. Ilipelekwa chumba cha simu kwa sababu ndicho pekee kilichokuwa na kufuli. Marehemu alikaa nayo wiki tatu na kitabu chake kinene cha maelekezo, akatoka anatabasamu. Alikuwa amepata mashine ya hulka yake. Ukiiamuru vizuri, ilinyamaza. Ilisema pale tu ulipokosea.

Kutuma barua kulikuwa hivi. Unaandika amri, kichwa cha habari na anwani. Unaandika ujumbe wako. Kisha, kwenye mstari wake peke yake, unaweka nukta moja. Bila nukta ile barua haiendi, na mashine inakusubiri tu, hata mpaka ustaafu.

Mkuu wa chuo aliambiwa haya yote akaitikia kwa kichwa, kama wakuu wanavyoitikia. Siku moja akaketi mwenyewe kuiandikia wizara. Aliona barua haiondoki, akazidi kuiandikia. Marehemu alipoingia na kuweka nukta, wizara ilipokea ombi rasmi la vifaa vya kupimia lililomalizika hivi: "Wako mtiifu. Asante. Tuma. Tuma sasa. Nenda basi. Mashine gani hii. Mwiteni yule bwana wa nukta." Wizara ilijibu siku ya pili: "Ombi limepokelewa. Je, bwana wa nukta alikuja?" Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita kwa jina lake, hata mkewe.

Na tumfikie mkewe. Alikuwa mkutubi wa chuo kile, mwanamke wa vicheko na maneno mengi, na marehemu alikuwa akiazima vitabu asivyovisoma. Tarehe 11 Mei 1994 alijipa moyo, akaiamuru mashine ipeleke barua kwa "maktaba". Kichwa cha habari: Ombi. Ndani: "Naomba nikuoe. Jibu kwa njia hii." Alisahau kwamba wiki iliyotangulia yeye mwenyewe alikuwa ameweka chini ya jina hilo anwani za waazimaji wote wa vitabu, watu sitini na watatu. Mhasibu alijibu: "Jaza fomu." Mwalimu wa jiografia alijibu: "Nina mke tayari, lakini umenifariji." Mkutubi hakujibu kwa njia ile. Alikwenda chumba cha simu kwa miguu yake, akasimama mlangoni.

"Hawa wenzangu umewajibu nini?"

"Bado."

"Basi niandike mimi wa kwanza. Nimekubali."

Walifunga ndoa tarehe 3 Desemba mwaka huohuo, wakajaliwa mabinti wawili. Waazimaji wote wa vitabu walialikwa, na mwalimu wa jiografia alipewa kiti cha mbele.

Alipostaafu mwaka 2013 chuo kilimzawadia ile mashine, maana hapakuwa na mwingine aliyeitaka. Aliiweka sebuleni, kwenye meza iliyokuwa ya kupigia pasi. Mkewe alipiga pasi kitandani miaka kumi na moja na hakuacha kulitaja jambo hilo.

Sasa yafaa lisemwe lililowahi kuiumiza nyumba hii. Tarehe 8 Septemba 2017 binti mkubwa, aliyekuwa mwaka wa mwisho wa masomo ya uhandisi, alimwandikia baba yake barua pepe ndefu kutoka mji mwingine. Alieleza kwamba ameacha masomo na kufungua karakana ya kushona, kwa nini ameamua hivyo, na jinsi anavyoogopa kumwangusha. Zikapita siku kumi na moja. Likaja jibu. Kichwa cha habari kilisema "Sawa". Ndani hamkuwa na kitu.

Binti aliisogeza barua ile juu na chini kwa dakika kadhaa akitafuta kilichobaki. Hata aliyekosea namba ya simu huambiwa zaidi ya hayo. Akaapa kwamba hataandika tena mpaka baba aandike kama mtu. Miaka sita mama alikuwa katikati, akichoka huku na huku.

"Mwandikie baba yako, mwanangu."

"Aandike yeye kwanza."

"Baba nanihii, mwandikie mtoto."

"Nimeshamwandikia."

Mama aliona mume wake ni jeuri na binti yake ni jeuri zaidi, akawaombea wote wawili. Binti alipokuja nyumbani alisema shikamoo, akajibiwa marahaba, na mazungumzo yakaishia hapo.

Novemba 2023 moyo wa marehemu ulianza kudhoofika, akalazwa. Hakuwasumbua manesi. Alipoulizwa anajisikiaje, alijibu, "Kidogo," na hakuna daktari aliyejua kama ni kidogo vizuri au kidogo vibaya. Katikati ya Januari binti mkubwa alifunga karakana, akaja kukaa naye. Alimlisha uji, akamkata kucha. Siku ya nne baba akamtazama.

"Ile barua uliipata?"

"Niliipata, baba."

"Ulisoma yote?"

Binti alidhani anataniwa, tena na mgonjwa. Uchungu ulimpanda. "Yote. Sikuruka hata neno."

Marehemu akafumba macho. "Basi," akasema, na tangu siku hiyo alilala vizuri. Alifariki dunia siku ya Jumanne, tarehe 6 Februari 2024, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono na akimsimulia habari ya jirani ambayo hakuwa ameimaliza.

Familia iliamua wasifu huu uandikwe na binti mkubwa, kwa kuwa ndiye aliyerithi maneno ya mama. Alhamisi aliwasha mashine ili apate tarehe za uhakika. Marehemu alikuwa ameiagiza ihifadhi kila amri aliyowahi kuiandikia, na zote zilikuwepo kwa mfuatano, siku na saa. Kuanzia tarehe 9 Septemba 2017, siku kumi na moja mfululizo, alikuwa amefungua faili moja liitwalo "barua" mara arobaini na moja. Tulikwenda-tukarudi huyu! Mara kwa mara alikuwa akiiuliza mashine maneno yamefika mangapi. Tarehe 19 aliituma.

Kwa kawaida aliandika palepale na kuweka nukta. Safari hii, kwa kuwa barua ilikuwa kwenye faili, ilibidi mwisho wa amri aweke alama ya mshale. Mshale ukielekea kushoto, maneno ya faili huingia kwenye barua. Ukielekea kulia, faili hufutwa kwanza ili lipokee kingine. Aliuelekeza kulia. Mashine ikanyamaza kama kawaida yake, vidole vilivyozoea vikaweka nukta, na barua ikaondoka tupu. Hakuwa na tabia ya kurudia kusoma alichokwisha kutuma. Faili lipo hadi leo, na ndani yake hamna hata herufi moja.

Binti alilia palepale kwenye meza ya pasi, akacheka, akalia tena. Alimdanganya baba yake bila kujua, na uongo ule ndio uliomlaza usingizi. Akaendelea kusoma. Kuanzia tarehe 20 Septemba 2017 hadi siku aliyolazwa, amri ya kwanza ya kila asubuhi ilikuwa ileile: ihesabu barua mpya zilizotoka kwa binti. Mara 2,241. Jibu lilikuwa sifuri kila siku, na kila kesho yake aliuliza tena.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, mkwe mmoja, mjukuu mmoja asiyenyamaza, ndugu wanne, na meza ambayo mjane ametangaza kwamba sasa hatapigia pasi juu yake hata akilipwa.

Asubuhi ya leo, kabla ya msafara kuondoka, binti mkubwa, ambaye ndiye anayewasomea, aliketi mbele ya skrini nyeusi, akaweka anwani yake mwenyewe kama mtumaji, akamwandikia baba yake barua. Yaliyomo ni yao wawili, ila ni marefu. Alipomaliza aliweka nukta, kisha akaandika amri ya kila asubuhi, kama baba alivyokuwa akiiandika. Mashine ikajibu: 1.

Pumzika, baba. Usihesabu tena.

Mpiga chapa ameombwa asiiondoe iliyo hapa chini. Si kosa.

.