Upande Ambao Dainess Hakuuandika

Mheshimiwa Diwani wetu, Ndugu Afisa Elimu Kata, Mwenyekiti wa Bodi, Mkuu wangu wa Shule, wazee na wazazi kutoka Gungu, Katubuka na Ujiji, walimu wenzangu, nanyi wahitimu wa Kidato cha Nne: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Nimeambiwa leo niagwe, nipokee zawadi, niketi. Zawadi nitapokea. Lakini mshereheshaji amesema hapa kwamba kwa miaka thelathini na moja Mwalimu Winfrida amewafundisha watoto kutetea hoja. Ni kweli. Je, niliwafundisha kumsikiliza anayewapinga? Niwaeleze yaliyotokea mwaka jana. Wenyewe wameniruhusu, nao wamo humu ndani.

Niliwapa Kidato cha Tatu insha: msichana aliyejifungua arudi shuleni au asirudi? Dainess akaandika kwamba asirudi. Aliandika vizuri mno, hoja nne, methali mahali pake. Nikampa kumi na tisa kati ya ishirini, nikamwita mbele aisome. Kwa furaha yangu nikasahau kwamba kando ya dirisha ameketi Yunisi, aliyekuwa amerudi shuleni wiki sita tu kabla ya siku hiyo na kumwacha mwanawe kwa mama yake.

Dainess alipofika penye maneno “wasichana hao huja kuwaambukiza wenzao tabia,” darasa likapiga makofi. Yunisi akafunga daftari, akasimama.

“Mwalimu, na hapo umempa maksi?”

Akatoka.

Kesho yake hakuja, wala keshokutwa. Ijumaa nikasikia mama yake amempatia kazi za ndani Tabora, na treni ni Jumapili.

Nikamwita Dainess. “Insha yako ina pengo, na kosa ni langu. Hukuandika hoja hata moja ya anayekupinga.”

Akanuna. “Mwalimu, nikiziandika si nitakuwa nimemsaidia kunishinda?”

“Ukizificha hujashinda, mwanangu. Umeogopa.”

Jumamosi asubuhi tukaenda Katubuka. Mama Yunisi alikuwa uani anachemsha mawese, na viti hakututolea. Yunisi akatokea na mtoto mgongoni, akamtazama mwenzake.

“Umekuja kuniuliza, au kunijibu?”

Dainess akafungua daftari. “Kukuuliza.”

“Basi andika.”

Akasema kwamba tangu arudi, hakuna msichana aliyemuuliza afanyeje apate mimba, ila watatu wamemuuliza wafanyeje wasipate. Akasema aliyempa mimba anaendesha bodaboda pale Gungu mpaka leo, na hajasikia insha inayosomwa juu yake. Dainess akajaribu kuingilia, “Lakini...” Yunisi akamkata: “Umesema umekuja kuuliza.”

Hapo mama mtu akafuta mikono kwenye khanga. “Na mimi niandike, binti. Mimi nipo upande wako. Mwanangu asirudi. Si kwa sababu ya tabia. Ni kwa sababu kila akitoka kwenu anarudi analia. Umeandika?”

Dainess akaweka kalamu chini. Ndugu zangu, nimesahihisha insha maelfu, sijawahi kuona hoja ikimuumiza mtu aliyeungwa mkono nayo.

Jumapili treni iliondoka. Jumatatu niliingia darasani nikiogopa kutazama dirishani. Yunisi alikuwepo. Alisema amemwomba mama yake siku moja tu, aje asikie kama yameandikwa alivyoyasema.

Dainess akasoma. Alianza na hoja za Yunisi, zote, bila kejeli, na ya Mama Yunisi ikiwemo. Kisha akasema: “Hoja yangu ya kwanza, ile ya kuambukiza tabia, nimeifuta, haikuwa kweli. Ya pili bado naishikilia. Mtoto mchanga anamhitaji mama yake, na shule yetu haijaandaa lolote kwa hilo.”

Hakuna aliyepiga makofi. Yunisi akanyoosha mkono. “Hapo pa pili nakupinga.”

Wakabishana hadi kengele. Safari hii nilitoa kumi na nne, maana majibu ya Dainess yalikuwa bado dhaifu, naye hakulalamika. Ile siku moja ikawa wiki, wiki ikawa mwaka. Leo wote wawili wamevaa joho, na hadi jana jioni walikuwa hawajakubaliana.

Sasa nisikilizeni wazazi. Bodi ilipokea barua inayotaka Yunisi asikae na wahitimu wenzake katika sherehe hii. Bodi imeikataa, na naishukuru. Lakini barua nimeisoma. Ina hoja tano, Kiswahili safi, na zote ni za upande mmoja. Walioiandika mmo ukumbini, na majina yenu siyataji. Je, kuna mmoja wenu aliyewahi kuongea na binti huyu?

Yule pale, mstari wa pili, karibu na mlango. Sitaki mkubaliane naye. Hata Dainess, ambaye sasa ni rafiki yake, hajakubali. Nawaomba tu, kabla hamjaondoka, mfike mahali alipo, mmuulize swali moja. Halafu mnyamaze, aseme yeye.

Nawashukuru kwa kunivumilia mpaka neno la mwisho.