Paswedi na Zamu ya Maji

Benchi la kwa Kilele liko Marangu, kando ya barabara, limeegemea ukuta wa duka. Wanaolikalia wamelima kahawa tangu utoto, wakaipeleka yote kwenye chama cha ushirika, na ni hapo tu, uzeeni, walipoanza kuinywa. Kilele mwenyewe alikuwa mpagazi mlimani. Siku hizi anabeba birika la kahawa tu. Jumamosi hiyo Mwalimu Valerian alifika amekumbatia kompyuta yake kama mtu aliyebeba kuku mgonjwa. Ndani mlikuwa na hadithi za marehemu mkewe, Theodora. Theodora alimsimulia katika masika yake ya mwisho, naye Mwalimu akaziandika zote, kisha akazifunga kwa paswedi ili wajukuu wasizifute. Sasa Krismasi inakaribia, wajukuu wanapanda kutoka Dar kuja kuzisikia, na paswedi imemtoka kichwani.

— Shikamoo, Mwalimu, alisema Injini, fundi wa simu. Hiyo paswedi ni ndefu?

— Marahaba. Ndefu kama treni.

— Ingekuwa fupi, tungefungua leo leo. Ndefu, programu inajaribu moja moja. Hao wajukuu watakuwa na wajukuu.

— Acha kumtisha mzee, alisema Kilele akimimina. Ni kama mlima. Ukienda polepole, wiki haiishi umefika. Ukikimbia, unashushwa kwa machela.

— Kompyuta na mlima wapi na wapi?

— Inachemka kwa joto la huku chini! Ipelekwe Kibo kwenye baridi, ifikiri vizuri. Naibeba mwenyewe.

— Kwa goti hilo? alicheka Mvua, mzee aliyepewa jina hilo kwa kutabiri mvua zisizonyesha. Sikiliza, Mwalimu. Mimi nilisahau jina la shemeji yangu tangu Pasaka, likanijia nikiwa naoga. Oga tu.

— Kwani Mwalimu haogi? aliuliza Injini.

— Aoge zaidi!

Mwalimu alitabasamu kidogo. Kungoja hakukumtisha. Alifundisha darasa la kwanza maisha yake yote, akajua kumngoja mtoto mpaka herufi imjie. Kilichomtisha ni kwamba hata sauti ya Theodora ilikuwa imeanza kufifia masikioni mwake.

— Nakumbuka kitu kimoja, alisema. Paswedi niliiandika kwa majina ya nyumba za mfereji wetu wa zamani, kwa zamu ya kupata maji, kutoka juu kushuka chini. Nikajiambia, hiyo siwezi kuisahau.

Injini akaweka kikombe chini.

— Mbona hukusema? Basi hakuna cha miaka. Nipangieni majina, jioni hii tunafungua.

— Kwa Aikaeli, wa kwanza.

— Halafu kwa Eliona.

— Eliona hakuwa na zamu, Mvua! Alikuwa anaiba.

— Halafu kwa Mama Mektrida. Hapo hakuna aliyethubutu kuyaziba maji kabla hajatosheka.

— Na ndizi zake za kuchoma! Nilikuwa nalinda maji pale kwake hata siku isiyo zamu yangu.

— Halafu kwa Elisifa?

— Elisifa alikuwa juu ya kwako, Mwalimu, au chini?

Wa kuulizwa hayupo. Nyumba ya Elisifa imefungwa, watoto wake wote wako mijini.

Hapo ndipo Theopista, mjukuu mkubwa wa Mwalimu, aliposhuka kwenye bodaboda na begi lake, siku kadhaa kabla ya wenzake. Akawaamkia wazee wote, akaelezwa kisa, akasikiliza mpaka mwisho.

— Babu, huo mfereji wenyewe uko wapi?

Mikono mitatu ilinyooka. Kilele alionyesha kanisani, Mvua bondeni, Mwalimu nyuma ya duka. Mikono ikashuka taratibu. Tangu bomba lije, hakuna aliyepita huko.

Kilele aliinamisha birika juu ya kikombe cha mgeni. Likatoa tone moja.

Mwalimu akasimama. Akilini alimwona Theodora mlangoni mwa nyumba yao, ameinamisha kichwa, akiyasikia maji ambayo hayajafika: “Valerian, yanakuja. Chukua jembe.”

— Twendeni juu kwa Aikaeli, alisema. Tuutafute mfereji kutoka huko, tushuke nao nyumba kwa nyumba.

— Itachukua muda gani? aliuliza Injini, akiifunika kompyuta.

Mwalimu alimshika Theopista mkono.

— Maji yakiachiwa kule juu, bibi yako alikuwa anabandika chai. Yakifika kwetu, imechemka.