Neno Lililopasua Shanga Zangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na ninyi mliosimama mlangoni kwa kukosa benchi, Bwana asifiwe kwenu pia!

Naitwa Milembe. Wengi hapa Biharamulo mnanijua kama mama wa shanga, yule wa kibanda cha karibu na soko, mwenye hereni na vidani vya kioo. Kila siku mnaniuliza, "Mama, haya mambo ulijifunzia wapi?" Huwa najibu kwa mkato tu: "Kasulo." Leo nitajibu kwa urefu, maana jibu lenyewe ndilo ushuhuda wangu.

Ndugu zangu, mimi nilikuwa mlevi. Sisemi nilikuwa naonja. Miaka ile ya wakimbizi nilikuwa mjane kijana, nimepanga chumba Kasulo, wilaya ya Ngara, nauza gongo kwa wapita njia, na mteja wangu mkubwa nilikuwa mimi mwenyewe. Nyuma ya nyumba kulikuwa na lundo la chupa tupu, nyingine nzima, nyingine zimevunjika. Binti yangu Neema alikuwa na miaka minne. Siku moja alikwenda kucheza kwenye lundo lile, akakanyaga kipande cha chupa ya kijani. Alilia mpaka sauti ikakauka. Mimi nilikuwa ndani, nimelala, sisikii kitu! Majirani ndio waliomfunga mguu.

Habari ikafika Runazi kwa mama mkwe wangu. Akapanda lori, akaja, hakugombana na mtu. Alimfunga mtoto mgongoni akaondoka naye. Aliniambia neno moja tu: nikitaka mtoto, niende Runazi bila gongo mdomoni.

Nikawa nakwenda kila mwezi. Nabisha hodi, napiga goti, "Shikamoo, mama." "Marahaba. Pumua." Ndiyo, ndugu zangu! Mama mkwe ananisogezea pua, nami nampumulia. Halafu anageuka anaingia ndani. Asubuhi ya safari sikuwa nimekunywa, lakini gongo ya jana haifichiki. Neema nilimwona kwa mbali tu, nyuma ya mlango, anachechemea.

Msidhani sikuombewa! Wazee wa kanisa waliniwekea mikono mara nyingi. Nilikuwa nalia, natubu, nakaa siku mbili safi, ya tatu nimerudi kwenye chupa. Nikaanza kuamini kwamba Mungu amenichoka.

Sasa, mimi tangu utotoni nina ugonjwa mwingine: udadisi. Marehemu mama yangu alisema nilimchinja kuku wake nione sauti inatoka wapi. Basi akaja mwanamke mmoja mkimbizi kutoka Burundi, jina lake Spesioza, mwembamba, mwenye kicheko cha karibu karibu. Kila mtu aliyefika kwangu alitaka chupa iliyojaa. Huyu alitaka zilizovunjika! Nikamuuliza za nini. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, akaniashiria tu nimfuate.

Mtu mwenye akili zake angebaki na biashara yake. Mimi nilimfuata.

Baba yake alikuwa mhunzi, naye alikuja na ujuzi wa tanuri kichwani. Alijifunga kitenge puani, akatwanga vipande vya chupa kwenye kinu cha chuma mpaka vikawa unga, akauchekecha kwa kitambaa. Alikuwa na kibao cha udongo chenye vishimo, amekipaka udongo mweupe ili kioo kisigande. Kila kishimo akakijaza unga, na katikati akachomeka kijiti. Mnajua kijiti gani? Kikonyo cha jani la muhogo! Nikajiuliza, huyu anapanda nini humu? Akaingiza kibao kwenye tanuri la mkaa, akavuta mvukuto, na unga ukayeyuka ukashikana. Kikonyo kikaungua kikaacha tundu la kupitisha uzi. Nilipiga makofi kama mtoto. Tangu nizaliwe nimechimba muhogo, sikujua unatoboa kioo!

Nikaomba nijaribu kwangu. Alinionyesha yote, na la mwisho likawa hili: ukitoa kwenye moto, funika kwa majivu ya moto, halafu "zirare". Akaegemeza shavu kwenye kiganja.

Hapa ndipo penye kosa langu. Ninyi mnajua huku kwetu wengine ndimi zetu hazitofautishi ele na ere. Mimi Msukuma nikajisemea, anataka kusema zilale, ulimi tu umeteleza. Na kile kiganja shavuni nikakielewa hivi: zilale ubavu! Basi nikawa nachukua shanga moja moja kwa koleo, nazilaza ubavu kwenye majivu, zote zimeangalia upande mmoja. Jioni ikifika, kiu ya gongo imenishika, nazifukua haraka nizione rangi kabla sijaenda kunywa. Tik! Tik! Zinapasuka mkononi. Nilibadilisha ubavu wa kulia, nikajaribu wa kushoto. Hata kichwa chini nilijaribu! Zote tik.

Nikamwita Spesioza aone. Alipokuta shanga zimelazwa kwa mstari, alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Mama Neema, zirare! Gushika mu gitondo!" Mhangaza mmoja jirani, ambaye lugha yake na Kirundi ni ndugu, akatufasiria: kurara kwao ni kukaa usiku kucha, mpaka asubuhi. Kioo kikipoa haraka kinapasuka. Ubavu haukuwa na kazi yoyote.

Siku hiyo nikafunika shanga zangu nikaapa sizigusi. Tatizo likawa kuku. Majivu ya uvuguvugu ni bafu la kuku! Nikivuta mguu tu kuondoka, kuku wa jirani amefika anataka kuoga. Basi nikaweka kigoda pale, na fimbo, nikawa nawaza: ile ya bluu niliyoitwanga kutoka chupa ya dawa itatokaje? Ikichanganyika na ya kahawia itakuwaje? Nikawaza hivyo mpaka usingizi ukanichukua.

Asubuhi nikafukua. Shanga kumi na moja, zote nzima! Nilipiga kelele majirani wakatoka. Na nikiwa bado nimezishika ndipo nikashtuka: jana sikunywa. Ndugu zangu, sikujizuia! Nilisahau! Mimi niliyelia madhabahuni niondolewe kiu, Bwana alinipa kitu cha kungojea, nikasahau kiu. Haleluya!

Sisemi ilikuwa rahisi baada ya hapo. Jioni nyingine nilibaki kwenye kigoda kile nikisali na kutukana kuku kwa zamu. Gongo iliyobaki nilimwaga, chupa zake nikazitwanga. Kila jioni nilifukia shanga mpya, na kila jioni nilikuwa na swali la kulala nalo. Udadisi wangu, niliodhani ni kasoro, ndio Mungu alioushika akanivuta nao.

Runazi niliendelea kwenda. "Pumua." Nikapumua. Mama mkwe akasema, "Tena." Nikapumua tena. Akaingia ndani. Mwezi uliofuata vilevile, na uliofuata. Sikumlaumu. Nilishajua sasa kwamba kitu kilichotoka motoni hakifukuliwi mapema.

Msimu wa mahindi ulipopita nilikwenda na kidani cha Neema. Nilikitengeneza kwa kioo cha kijani, cha chupa kama ile iliyomkata. Nikapiga goti, "Shikamoo, mama." "Marahaba." Nikasogeza uso nipumue. Akaniwekea kiganja mdomoni, taratibu.

"Acha," alisema. "Kaa ule kwanza. Neema! Mletee mama yako maji ya kunawa."

Mama yako! Tangu amchukue hakuwahi kuniita hivyo mbele ya mtoto. Nililia nikiwa na kidani mkononi, nikashindwa hata kumvalisha.

Spesioza alisharudi kwao, sijui yuko kilima gani huko Burundi. Popote alipo, Mungu amkumbuke. Neema ndiye anayetengeneza zile hereni mnazozigombania, na leo yuko pale benchi la tatu, anaona aibu kwamba namtaja.

Ndugu yangu uliyeombewa ukaanguka, ukaombewa ukaanguka, usidhani Bwana amekuchoka. Mwamini, kaa naye mpaka asubuhi. Na kama yupo anayesema Milembe anapamba maneno, tukitoka hapa anisogelee. Mimi mwenyewe nitapumua.